Gurudumu Lililochakaa: Cha Kubadilisha na Cha Kuacha

Kuna sauti ambayo kila aliyewahi kumiliki MG au Jaguar yenye magurudumu ya spoki anaijua. Gari linaondoka taratibu na nyuma panasikika "tak!" Linatiwa rivasi, "tak!" nyingine. Lawama huanzia kwenye jointi ya propela, kisha huhamia kwenye beringi. Mjuzi hatoi hukumu akiwa amesimama. Anainua gari kwa jeki, anavuta breki ya mkono, anashika tairi la nyuma kwa mikono miwili na kujaribu kulizungusha mbele na nyuma. Dramu imeshikwa na breki, haiendi popote. Tairi likicheza hata kwa milimita chache, ukweli umejulikana: meno ya habu yameliwa.

Kuujua ukweli huo ni rahisi. Ugumu uko kwenye uamuzi unaofuata. Kwenye daladala au matatu, uamuzi ni wa dakika moja: kilicholika kinatolewa, kipya kinafungwa, gari linarudi barabarani kutafuta abiria. Kwenye gari la mwaka 1958 au 1967 hesabu ni nyingine. Kifaa kinachotaka kutolewa huenda kilitengenezwa kwa chuma bora kuliko kile kilichomo ndani ya boksi jipya la dukani. Huenda pia kilifungwa kiwandani siku gari lilipozaliwa, na kikitupwa hakirudi. Na huenda, kwa upande mwingine, ndicho kitakachokatika kwenye mteremko wa Sekenke au wa Mai Mahiu.

Ujuzi wa magari haya hupimwa hapo. Anayejua hukitazama kifaa kilicholika akasema kimelika vipi, kiasi gani, na kama kinaendelea kulika.

Aina tatu za kuchakaa

Mafundi wazoefu, hata wasipolisema kwa mpangilio, hugawa uchakavu wa gurudumu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ulegevu unaorekebishika: beringi iliyopata pleyi kwa sababu nati haijakazwa miaka mingi, spoki zilizolegea, dramu yenye michirizi midogo. Kifaa chenyewe ni kizima. Kinachokosekana ni marekebisho. Fungu la pili ni ulaji unaojilisha wenyewe. Beringi ikishaanza kubanduka ngozi, kila mzunguko unaibandua zaidi. Meno yakishachongoka, kila kuondoka na kila breki huyachonga tena. Ufa haurudi nyuma. Fungu la tatu ni makovu: kromu iliyofifia, alama za nyundo za miaka 60 kwenye nati ya katikati, rangi ya rimu iliyopauka. Hayo hayapunguzi uwezo wa gurudumu kubeba gari.

La kwanza hurekebishwa, la pili hubadilishwa bila huruma, la tatu huachwa. Makosa mengi hutokea pale mafungu haya yanapochanganywa. Mwenye gari anang'arisha kovu kwa gharama kubwa huku akiacha ufa uliojificha sentimita chache kutoka hapo.

Beringi isomwe kabla ya kutupwa

Magari mengi ya zamani yanayoonekana Afrika Mashariki, kama Land Rover za Series, MG, Datsun za miaka ya 1970 na Beetle za kuanzia katikati ya miaka ya 1960, hutumia mbele beringi zenye rola za mteremko. Muundo huo ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1898 kwa jina la Henry Timken, aliyekuwa mtengenezaji wa magari ya farasi mjini St. Louis. Rola zikiinama kidogo, beringi inaweza kubeba uzito unaotoka juu na pia msukumo wa pembeni gari linapokata kona. Ndiyo maana beringi mbili zinazotazamana, kubwa ndani na ndogo nje, zinatosha kulishika gurudumu zima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua chochote. Gari likiwa juu ya jeki na kuegemezwa vizuri kwenye stendi, gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Pleyi ikionekana, msaidizi hukanyaga pedeli ya breki na kuishikilia. Pleyi ikipotea, tatizo ni beringi, kwa kuwa breki imeunganisha habu na sehemu isiyozunguka. Ikibaki, beringi haina hatia. Ni boljointi au kingpini. Gurudumu likicheza linaposhikwa kushoto na kulia tu, uchunguzi uhamie kwenye tairodi. Wengi wamenunua beringi mpya kwa ugonjwa wa boljointi kwa sababu hatua hii ya pedeli ilirukwa.

Baadaye gurudumu huzungushwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa juu ya springi. Springi husafirisha mtetemo ambao sikio halisikii. Mvumo laini ni grisi. Mkwaruzo wenye mapigo ya kurudiarudia ni chuma kilichobanduka.

Hapo ndipo habu hufunguliwa. Beringi huoshwa kwa mafuta ya taa kwa brashi, hukaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na kamwe haizungushwi kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa rola zinaweza kuruka kutoka kwenye kizimba chake kwa kasi ya hatari. Kikombe, yaani ringi ya nje, kisomwe kwenye mwanga wa jua. Mkanda wa kijivu ulio sawasawa kuzunguka kikombe chote ni uchakavu wa halali. Beringi hiyo inaweza kurudi kazini miaka mingi. Mistari iliyopishana kwa nafasi sawa na ya rola humaanisha gari lilikaa muda mrefu na maji yakaingia, au lilitikisika likiwa limesimama, kama vile safarini juu ya lori. Ukucha ukikwama kwenye mistari hiyo, beringi imekwisha. Vishimo vya kubanduka, hata kimoja, vimemaliza mjadala. Rangi ya buluu au ya majani makavu ni alama ya joto kali. Chuma kimepoteza ugumu wake, hata kama uso bado unang'aa.

Mjuzi haishii kwenye beringi. Anaikagua pia stabu, ncha ya ekseli ambayo ringi ya ndani hukaa juu yake. Ringi ikiwa imezunguka juu ya stabu, huacha mng'ao wa kioo, mifereji, pengine na ubuluu. Beringi mpya kwenye stabu ya namna hiyo itazunguka vilevile. Hapa ndipo hila za gereji huonekana: stabu iliyopigwa senta panchi ili chuma kivimbe kidogo, au kipande cha kopo la soda kilichokatwa na kuvishwa chini ya kikombe. Mtu anayenunua gari la zamani akikuta mojawapo, ajue pia jinsi kazi nyingine za chini ya gari hilo zilivyofanywa.

Uamuzi kuhusu beringi huharibiwa mara nyingi zaidi na ukazaji kuliko uchakavu. Beringi ya rola za mteremko inatakiwa kubaki na pleyi ndogo ya kupimika. Kwenye Beetle kiwango ni milimita 0.03 hadi 0.12. Kwenye MGB ni kama 0.05 hadi 0.10, na hupatikana kwa shimu nyembamba zinazokaa pamoja na bomba fupi la chuma kati ya beringi mbili. Bomba hilo si pambo. Linaruhusu nati ikazwe kwa nguvu kubwa bila kubana rola, na huongeza uimara wa stabu. MGB ambayo bomba na shimu zake zimetupwa na fundi asiyezielewa hukazwa kwa kukisia, na beringi zake hufa mapema bila kosa la kiwanda chochote. Fundi anayejisifu kwamba ameondoa pleyi yote ameichoma beringi kabla gari halijatoka gereji.

Beetle ina siri yake. Waya wa mita ya spidi hupita katikati ya stabu ya gurudumu la mbele la kushoto na huzungushwa na kofia ya grisi yenyewe, kupitia tundu dogo la mraba. Stabu ya upande huo ina nyuzi za kushoto. Mkaguzi akiona mshale wa spidi umelala na kofia ya kushoto haina tundu, amejua kwamba habu hiyo imeshafunguliwa na mtu aliyeokoteza vifaa.

Meno, spoki na masikio

Gurudumu la spoki linalotoka kwa nati moja ya katikati lilienezwa na kampuni ya Rudge-Whitworth ya Coventry, Uingereza, kwa kazi ya mhandisi John Pugh kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Habu yake ina meno ya mstari yanayoingia kwenye meno ya gurudumu, na koni inayoliweka gurudumu katikati. Borrani wa Milano walianza kutengeneza magurudumu hayo kwa leseni mwaka 1922, na baadaye jina lao likazoeleka kwenye Ferrari. Uingereza, Dunlop walitengeneza magurudumu kama hayo kwa Jaguar, MG, Austin-Healey na Triumph.

Meno mazima yana kichwa bapa. Hilo ndilo jambo la kwanza kutazamwa gurudumu likishatolewa. Meno yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, hayana tena eneo la kusukumana na hubaki kugongana. Kabla ya kufika huko huwa pametolewa onyo: unga mwekundu kama kutu karibu na habu, ambao ni chuma kinachosagika pale ambapo grisi imekauka. Unga ukionekana mapema na meno yakiwa bado bapa, dawa ni kusafisha, kupaka grisi kidogo kwenye meno na koni, na kukaza nati inavyotakiwa. Hilo ni fungu la kwanza, na gharama yake ni ya kopo la grisi.

Meno yakishachongoka, kanuni ni moja na haina msamaha: habu na gurudumu hubadilishwa pamoja. Gurudumu jipya kwenye habu iliyolika litachongwa na habu hiyo kwa muda mfupi, na habu mpya itachongwa na gurudumu la zamani. Mwenye gari anayenunua magurudumu manne yanayong'aa na kuyavisha kwenye habu zilizochakaa amenunua mapambo.

Habu zikibadilishwa, kuna kosa moja lenye hatari kubwa: kuzifunga pande zisizo zake. Kwenye mfumo huu, nati za upande wa kushoto wa gari zina nyuzi za kawaida, na za upande wa kulia zina nyuzi za kinyume. Namna rahisi ya kukagua ni kukumbuka kwamba nati hufunguka kuelekea upande ambao gurudumu huzunguka gari linapokwenda mbele, kushoto na kulia. Kinyume chake kikionekana, gari lisitoke hata hatua moja. Koni na nyuzi vimepangwa hivyo ili mwendo wa gurudumu uikaze nati. Zikibadilishwa pande, mwendo huohuo unaifungua.

Nati zenyewe ni somo la historia. Zile za masikio mawili zilipigwa nyundo kukazwa na kufunguliwa, na kila gari la miaka ya 1950 lililotumika kweli lina masikio yenye makovu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, sheria za usalama za Marekani zilikataa masikio yanayochomoza, na watengenezaji wakaleta nati za pembe nane zinazohitaji spana maalumu. Kwa hiyo nati ya pembe nane kwenye MGB iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya haki yake, ilhali kwenye gari la mwaka 1963 ni dalili kwamba kuna kilichobadilishwa. Makovu ya masikio ni ya fungu la tatu. Yasisagwe wala kupigwa kromu upya kwa haraka. Atafutwe fundi mwenye nyundo ya shaba au ya risasi, yasiongezeke.

Spoki hupimwa kwa sikio. Spana ndogo hugongeshwa kwenye kila spoki: iliyokazwa hulia, iliyolegea hutoa mlio mfu. Gurudumu la MGB lina spoki 60, la Jaguar E-Type 72, na mzigo hugawanywa kwa zote. Moja ikilegea, jirani zake hubeba deni lake, na huanza kukatika kwenye kiwiko, karibu na habu. Spoki mbili au tatu zilizolegea ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi anayejua kunyoosha gurudumu. Spoki zinazokatika moja baada ya nyingine ndani ya miezi michache zinasema gurudumu zima limechoka. Kukaza hapo hakusaidii. Spoki zote zitolewe zifungwe mpya, au gurudumu liwekwe ukutani.

Kuhusu kromu, wajuzi wengi hupendelea magurudumu yaliyopakwa rangi ya fedha, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba magari mengi ya aina hii yalitoka kiwandani hivyo. Ya pili ni ya kikemia: chuma kigumu kikipitishwa kwenye beseni la kromu bila uangalifu hunyonya haidrojeni na kuwa chepesi kukatika. Kwa anayetaka mng'ao, spoki za chuma kisichoshika kutu ni chaguo salama zaidi. Na gurudumu la spoki la kawaida lazima lifungwe tairi lenye tyubu, maana kila tundu la spoki ni mlango wa hewa. Utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki uwepo pia, la sivyo tyubu itatobolewa kutoka ndani.

Rimu na dramu

Rimu za chuma za kawaida, kama za Land Rover au Peugeot 404, huonekana kama hazina la kusema. Ukweli wao uko kwenye matundu ya nati. Tundu likiwa duara na kingo zake za mteremko zikiwa safi, rimu ni nzima hata ikiwa na kutu ya juu. Tundu likiwa limekuwa yai, gari limewahi kutembea nati zikiwa zimelegea, na kingo hazitaishika nati tena. Nyufa ndogo zinazotoka kwenye tundu kama miale hufichwa na rangi. Rangi ikwanguliwe mahali hapo kabla ya kununua. Kujaza tundu kwa weldingi na kulichimba upya ni jambo linalofanywa, na ni la kukataliwa. Rimu za chuma bado zinapatikana kwa wingi, na hakuna sababu ya kukabidhi roho za watu kwa weldingi.

Rimu za aloi zinahitaji jicho kali zaidi. Zile za Fuchs zilizoonekana kwenye Porsche 911 tangu katikati ya miaka ya 1960 zilifuliwa kwa aluminiamu, zikawa imara kuliko nyingi za kumiminwa, na nyuma yake huwa na muhuri wa tarehe ya kutengenezwa. Minilite za kwanza, zilizopendwa kwenye Mini za mashindano, zilikuwa za magnesiamu. Magnesiamu ni nyepesi sana, lakini ikipata kikovu kwenye rangi, unyevunyevu huila kwa ndani. Rimu ya magnesiamu ya miaka 50 isiende barabarani kabla ya kupimwa kwa dawa nyekundu inayopenya: uso husafishwa, dawa hupakwa na kufutwa, kisha unga mweupe hupulizwa, na ufa wowote hujichora mwekundu. Ikionyesha ufa, ibaki kuwa kitu cha kutazamwa.

Dramu za breki hupimwa kwa kipenyo. Mdomo uliojitokeza ukingoni huonyesha kiasi kilicholiwa. Kalipa hutoa jibu kamili. Dramu za Land Rover zilikuwa za inchi 10 kwenye gari fupi la 88 na inchi 11 kwenye refu la 109, na kila moja ina kikomo chake cha kukerezwa. Ndani ya kikomo, mkerezaji mzuri huirudishia mviringo wake, na pedeli huacha kudunda. Dramu mbili za ekseli moja hukerezwa kwa kipimo kimoja, vinginevyo gari litavuta upande. Ikishapita kikomo, dramu huwa nyembamba, hupanuka ikipata joto, na hukosa nguvu mteremkoni, pale inapohitajika zaidi.

Dramu ya nyuma ya Beetle ina jambo la ziada, kwa kuwa inakaa moja kwa moja kwenye meno ya shafti ya ekseli. Inashikwa na nati ya milimita 36 inayotakiwa kukazwa kwa takriban Nm 300, sawa na mtu anayesukuma kwa uzito wa kilo 30 mwishoni mwa bomba la mita moja. Gereji nyingi hukaza kwa mazoea. Nati ikikosa nguvu hiyo, dramu huanza kucheza juu ya meno, na ile "tak" ya MG inasikika kwenye Volkswagen. Chuma cha dramu ni laini kuliko cha shafti, kwa hiyo mara nyingi meno ya dramu ndiyo yanayokufa na shafti hupona. Kagua zote mbili kabla ya kununua chochote.

Kipya hakimaanishi bora

Mtu akiingia Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam akiulizia beringi ya Beetle ya mwaka 1968, atapata majibu ya kila namna. Akiingia na namba, mazungumzo hubadilika. Beringi ndogo ya nje ya mbele ya Beetle ya miaka hiyo ni LM11949 pamoja na kikombe chake LM11910, yenye tundu la inchi robo tatu, yaani milimita 19.05. Namba hizo ni za kimataifa, na seti hiyohiyo hutumika kwenye trela ndogo duniani kote. Kwa hiyo kifaa kinachodhaniwa ni adimu huenda kipo rafuni kwa bei ya kawaida, na cha kiwanda bora.

Ubora wa kiwanda ndio suala, kwa maana beringi bandia ni biashara kubwa. Maandishi yasiyo na kina sawa, kizimba chenye kingo kali, boksi lenye rangi iliyopauka na bei iliyo chini mno ni dalili za kutosha kumrudisha mtu mlangoni. Watengenezaji wa beringi SKF wameweka hata programu ya simu ambayo mnunuzi hupiga picha za beringi na boksi ili zikaguliwe. Seti ichukuliwe nzima: kikombe cha zamani hakioani na rola mpya, hata namba zikilingana, kwa sababu nyuso zao zimelika kwa historia tofauti.

Vipi kuhusu spea za zamani ambazo hazijawahi kutumika, zile zilizokaa kwenye stoo tangu miaka ya 1970? Chuma kilichofungwa kwenye karatasi ya mafuta huzeeka vizuri. Beringi ya namna hiyo ioshwe grisi yake iliyoganda, ikaguliwe, ifungwe; mara nyingi itakuwa bora kuliko ya leo ya bei rahisi. Mpira ni habari nyingine. Oili sili ya mwaka 1975 imekauka ndani ya boksi lake hata kama haijaguswa, na tairi ni hivyohivyo. Sili ndiyo kifaa cha bei ndogo kinacholinda vyote vya bei kubwa, na hubadilishwa kila habu inapofunguliwa.

Gari ni la kazi gani?

Mwaka 1965 ndugu Joginder na Jaswant Singh walishinda mbio za East African Safari kwa Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya. Lilikuwa limeshashiriki mbio hizo hapo kabla. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Ushindi ule ulionyesha kwamba gari lililotumika, mikononi mwa mtu anayejua kusoma vifaa, linaweza kuwapita mapya ya viwanda. Bert Shankland wa Dar es Salaam naye alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari ambalo wengi walilijua kama la familia na teksi.

Gari la mashindano lina sheria yake. Kwenye East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanza mwaka 2003, hakuna anayengoja beringi ipige kelele. Vifaa vya gurudumu hutolewa kwa ratiba, vikiwa bado vizima, kwa kuwa bei ya kukwama porini ni kubwa kuliko ya spea. Gari la maonyesho ni kinyume chake. Magari yanayopangwa kila mwaka kwenye Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, hutembea kidogo na hutazamwa sana. Hapo kovu la halali lina thamani, na rimu iliyong'arishwa kupita ilivyotoka kiwandani humfanya mtazamaji makini aulize maswali.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, liliweka msimamo wake kwenye Hati ya Turin ya mwaka 2012: kuhifadhi kuje kabla ya kutengeneza upya, na kinachobadilishwa kiweze kutambulika. Kwa gurudumu, hilo ni jambo rahisi kulifanya. Tarehe hupigwa muhuri mdogo ndani ya habu mpya, mahali pasipoonekana. Kifaa cha zamani hufungwa kwenye karatasi ya mafuta, huandikwa upande kilikotoka na sababu ya kutolewa, na huhifadhiwa pamoja na risiti. Anayenunua gari baadaye hulipa zaidi kwa sanduku kama hilo kuliko kwa maneno ya muuzaji.

Chukulia basi Beetle ya mwaka 1968 inayotumika Jumapili kwa Jumapili, iliyokaguliwa kwa utaratibu huu. Beringi za mbele kulia zina mkanda wa kijivu ulio sawa: zinaoshwa, zinapakwa grisi mpya, zinarudi. Ya nje ya kushoto ina kishimo kimoja: inanunuliwa seti mpya ya LM11949 na LM11910, na stabu inapimwa kwanza. Sili zote ni mpya. Dramu ya nyuma kulia imelika meno, shafti yake ni nzima: inabadilishwa dramu, kisha mpya na ya kushoto zinakerezwa kwa kipimo kimoja ili vipenyo vya ndani vilingane. Rimu nne zina matundu ya duara na rangi iliyopauka: zinabaki kama zilivyo. Vifuniko vya kromu vyenye mikunjo midogo vinarudishwa mahali pake.

Baada ya kilomita 100 gari linarudi kwenye jeki. Bolti za magurudumu zinakazwa upya, pleyi ya mbele inapimwa, nati za milimita 36 zinahakikiwa kwa spana ya toki. Kotapini ikikosa tundu, nati hizo za nyuma huongezwa mbele hadi tundu lifuatalo, kamwe hazirudishwi nyuma. Kisha gari linatembezwa nusu saa na mkono unawekwa kwenye kila habu, moja baada ya nyingine. Habu tatu zikiwa na joto dogo na moja ikiwa haishikiki, kazi ya upande huo inafunguliwa upya siku hiyohiyo.